Mama Scholastique, Mshika Ndimi za Nguruwe wa Manibe

Umande bado uko kwenye majani, na nguruwe wa kwanza wa Jumamosi hii tayari anapiga kelele za kuamsha Manibe nzima.

Wanaume wawili wamemlaza ubavu kwenye tope. Mmoja amemkalia mabegani, mwingine amemwekea kijiti kinene katikati ya taya. Mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani anapiga goti kando yao, anajizungushia kipande cha gunia mkononi, anaukamata ulimi wa mnyama na kuuvuta nje kama mtu anayetoa soksi ndani ya buti.

Kisha anafumba macho. Kidole gumba chake kinatembea polepole chini ya ulimi, kutoka shinani mpaka nchani, kisha kinarudi. Muuzaji na mnunuzi wanakitazama. Anayepiga kelele sasa ni nguruwe peke yake.

"Hii iko safi," anasema, anaachia ulimi na kujifuta mkono. "Peleka."

Huyu ni Scholastique, mama wa miaka hamsini na ushei, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo. Katika soko la nguruwe la Manibe, nje kidogo ya mji wa Arua, hakuna mnyama anayebadilisha mikono kabla yeye hajaushika ulimi wake. Kazi hiyo haina jina rasmi, hivyo watu wamempa jina wao wenyewe. Wanamwita Mama Ulimi, naye anaitika bila kinyongo.

Anachokitafuta ni punje. Nguruwe mgonjwa huwa na vifuko vidogo vyeupe ndani ya nyama, na mahali vinapoweza kuguswa angali hai ni chini ya ulimi. Wafugaji wa hapa huviita mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva vizuri, kifuko kimoja chatosha kuzaa tegu tumboni mwake, yule mnyoo bapa anayerefuka kama utepe na kuishi humo miaka mingi akila asichokitolea jasho.

"Mama yangu alinifundisha kule kwetu, nikiwa ningali msichana," anasimulia. "Aliniambia, usitumie macho, macho inadanganya. Funga macho, acha kidole iseme."

Vita vya Kongo vilipowafikia mwaka 1964, alivuka mpaka na mumewe Nestor, mtoto wao Anicet akiwa na kifurushi kichwani na nguruwe jike akiwa kwenye kamba. Anicet sasa ni utingo wa lori linalokwenda Koboko. Nguruwe yule alikuwa bibi wa nusu ya nguruwe wa Manibe, na Scholastique hajambo kwa kujisifia jambo hilo.

Malipo yake ni mkono mmoja wa chumvi kwa kila ulimi, mnyama awe mzima au mgonjwa. Siku hizi, wakati chumvi na sabuni zimeadimika kote West Nile, mkono wa chumvi si kitu cha kuchezea. Kwake sufuria haijakosa ladha, na yeye mwenyewe anasema hana la kulalamikia.

Lakini mwaka jana, mwaka 1977, kidole hicho hicho kilimtia mashakani.

Zilikuwa siku za mvua. Katekista mmoja alikuwa akitafuta nguruwe mnene kwa ajili ya arusi ya binti yake, na Scholastique alikuwa naye: dume aliyemfuga mwenyewe ndani ya banda tangu siku alipoachishwa ziwa, asiyejua hata njia ya kwenda kisimani. Alimleta sokoni Jumamosi, amemwosha mpaka anang'aa. Katekista alipomwona tu, alianza kutabasamu.

"Mama, hata yako unashika?" mmoja wa wachinjaji alimtania alipomwona anapiga goti.

"Hata yangu," alijibu. "Lete kijiti."

Anakumbuka kidole kilivyokwenda vizuri, kisha kikasimama. Kulikuwa na punje. Kando yake kulikuwa na nyingine.

"Nilitaka kusema iko safi," anasema. "Nani angejua? Mkono ni yangu, nguruwe ni yangu. Katekista alikuwa anacheka na miye, anangojea tu."

Alibaki amepiga goti, macho ameyafumba, kwa muda ambao watu walianza kuona ni mrefu. Kisha alisimama.

"Iko na mchele," alisema.

Soko lilipasuka kwa kicheko. Lemi, mfugaji kutoka Dranya upande wa Koboko, ambaye Scholastique alikuwa amemrudisha nyumbani na nguruwe wake zaidi ya mara moja, alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hiyo katekista alinunua nguruwe wa Lemi, aliyeshikwa ulimi na Scholastique yule yule na kukutwa mzima. Dume mnene alichimbiwa shimo refu akafukiwa.

"Nililia njia nzima," anasema. "Lakini si kwa sababu ya nguruwe. Nililia kwa sababu sikuelewa. Hii nguruwe hapana toka nje hata siku moja. Ugonjwa iliingia wapi?"

Swali hilo alilipeleka Arua Jumatatu, kwenye zahanati ndogo anakofanya kazi mganga msaidizi aitwaye Okuonzi.

Nguruwe, Okuonzi alimweleza, hapati punje kwa nguruwe mwenzake. Anazipata kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu, au majani na maji yaliyochafuliwa na kinyesi hicho, kwa kuwa humo ndimo mayai ya tegu yanamotoka. Kama nguruwe hajatoka nje ya boma, basi tegu yumo ndani ya boma.

Hayo hayakuwa mabaya kuliko yote. Mayai yale yale, yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono isiyonawiwa au kwa mboga isiyooshwa, humfanyia mtu kile yanachomfanyia nguruwe. Punje huota mwilini mwake. Zikikaa kwenye msuli, mtu anaweza asijue. Zikikaa kwenye jicho au kwenye ubongo, ni balaa.

"Tumekuwa na wagonjwa wa kifafa hapa ambao ndugu zao walizunguka kwa waganga wote wa kienyeji wakitafuta aliyewaroga," anasema Okuonzi. "Si kila kifafa kinatokana na hayo. Lakini kingine kinaanzia kwenye mikono ya mtu wa nyumbani."

Nyumbani kwa Scholastique kuna watu wachache. Kuna yeye na Nestor. Kuna Candiru, mke wa Anicet, msichana wa Kilugbara aliyeingia pale kama bibi arusi miaka miwili iliyopita. Na kuna Alice, mtoto wa Candiru, ambaye wakati ule ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa na kulambishwa uji.

Njia yote ya kurudi Manibe, Scholastique aliwaza kichwa cha Alice.

Mtu wa kwanza Scholastique kumshuku alikuwa mkwe wake, na anakiri hivyo bila kupindapinda. Candiru alichukua kopo la kupimia choo alilopewa, akalirudisha asubuhi, na Okuonzi akakuta hana kitu. Kopo la Scholastique nalo halikuwa na kitu.

"Nilimchinjia Candiru kuku," anasema. "Nilimwambia, mwanangu, nilikuwazia vibaya. Yeye alicheka tu. Alisema, Mama, kumbe nikitaka kuku nishukiwe tena."

Likabaki kopo la Nestor, na Nestor alikuwa mbogo.

Nestor ni mchinjaji mzee kuliko wote sokoni, mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa. "Miye nachinja nguruwe tangu wakati ya Babeleji," alifoka. "Leo mutu anataka kupima mavi yangu?" Kopo lilirushwa nje ya ua.

Ili kumwelewa mzee huyu, inafaa kujua nyama ya kisu. Ni heshima ya wachinjaji wa Manibe. Nguruwe akishapasuliwa, kabla mnunuzi hajabeba chochote, mchinjaji hujikatia kipande kimoja cha mnofu, hukipitisha juu ya moto mpaka kibadilike rangi kwa nje, na kukila pale pale amesimama, damu ingali inachuruzika. Anayekirudisha motoni kiive huchekwa kuwa ana meno ya kizee. Na nguruwe wanaochinjwa majumbani, mbali na soko, hawashikwi ulimi na mtu yeyote.

Usiku wa kuamkia Jumanne hapakuwa na maelewano. Asubuhi Scholastique alimfuata mumewe kwenye kinoo chake, akamuuliza kwa upole kama amewahi kuona vipande vyeupe, bapa, vinavyojongea.

Nestor aliendelea kunoa. Kisha alikiri kwamba anaviona. Amekuwa akiviona miaka mingi.

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Mutu iko na tegu ni mutu anakula nyama," alijibu, na kulikuwa na majivuno kidogo ndani ya sauti yake. "Masikini iko na tegu gani?"

Scholastique anasema hakujua acheke au ampige na kinoo. Wachinjaji wengi, alikuja kugundua baadaye, walifikiri hivyo hivyo. Kwao tegu alikuwa mgeni wa watu wenye nacho, na kumfukuza kungekuwa kufukuza riziki.

Lakini swali lilikuwa bado halijajibiwa. Boma lao lina choo cha shimo, kirefu, chenye mlango wa bati, na Scholastique hukifagia mwenyewe. Ikiwa kila mtu anakitumia, mayai yalifikaje bandani?

"Baba Anicet," alimuuliza, "weye unaenda wapi?"

Safari hii mzee aliweka kisu chini. Macho yake yalikwenda kwenye migomba nyuma ya banda.

Tangu siku Candiru alipoingia bomani, Nestor hakuwa amekanyaga choo kile. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii choo. Ndivyo alivyolelewa, na Candiru naye ndivyo alivyolelewa kwao. Kukutana mlangoni pale kungekuwa aibu ya kumfanya msichana arudi kwa wazazi wake. Hivyo mzee, kwa heshima tupu, bila kumwambia mtu, alijitafutia mahali pa faragha kwenye migomba. Na ni kwenye migomba hiyo hiyo Candiru, mchapakazi asiyetumwa, alikuwa akikata majani ya kumlishia dume.

"Nilishindwa kumgombeza," anasema Scholastique. "Mzee alikuwa anafanya vizuri. Sisi wote tulikuwa tunafanya vizuri, na ugonjwa inatembea katikati yetu."

Wakati huo huo Candiru alitoka jikoni na bakuli la uji wa Alice. Mtoto huyo alikuwa na mazoea yake. Uji wake ulipaswa kuonjwa na babu. Nestor alikuwa akichovya kidole kuona kama una moto, kisha akimpa Alice kidole akinyonye, na baada ya hapo ndipo mtoto alikubali kijiko. Bila kidole cha babu, kinywa kilifungwa kama mlango wa duka siku ya magendo kusakwa.

Nestor alinyoosha kidole. Scholastique akalinyakua bakuli.

"Tangu tuoane sijawahi kumnyang'anya mutu ile chakula iko mbele yake," anasema. "Siku ile nilinyang'anya. Nilimwambia maneno yote ya daktari, moja moja. Kifafa. Macho. Kichwa ya mtoto. Nilimwambia, hutagusa uji ya Alice mpaka daktari aseme umepona."

Mzee aliondoka. Alice alilia mpaka sauti ikamkauka, uji ukapoa.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mtoto anatambaa kuelekea kwa babu yake, babu anaingiza mikono mfukoni, mtoto analia, na Candiru anahangaika na kijiko. Scholastique anasema ilimkata maini kuwatazama, lakini hakulegeza. Haikupita wiki, Nestor alitokea ua wa mbele amevaa koti lake la Jumapili, kopo likiwa mkononi limefunikwa kwa jani la mgomba.

"Twende," alisema.

Okuonzi alikuta mayai mengi. Dawa, hata hivyo, hakuwa nayo. Vidonge vya tegu vilikuwa vimeadimika kama sabuni, na walipaswa kungoja mgao wa zahanati.

Walitumia muda huo kuchimba. Jirani yao, fundi cherehani Asuman, Mnubi wa Arua ambaye babu yake aliletwa huku na jeshi, alikuwa amefurahia kisa chote akiwa barazani kwake. "Mimi sili nguruwe, mimi nakula habari yake tu," alikuwa akisema. Scholastique alimweleza kwamba yai la tegu haliulizi mtu dini yake. Anayekula mboga iliyoguswa na mkono mchafu hulipata hata kama hajawahi kuona nguruwe. Fundi aliacha kucheka. Kesho yake alisimama kwenye ua na jembe begani.

"Jirani," alimwita Nestor, "tunachimba leo ama kesho?"

Walichimba siku hiyo. Mke wa Asuman, Rehemah, alileta chai ya chumvi, maana sukari haikuwapo, na kufikia jioni kulikuwa na shimo jipya upande wa pili wa boma, choo cha mzee peke yake, ambacho Candiru hapaswi hata kukitazama. Nestor alikiezeka mwenyewe. Wanaomjua wanasema tangu kujenga nyumba yake hakuwahi kuezeka kitu kwa uangalifu namna hiyo.

Vidonge vilipofika, Okuonzi alimpa pale pale zahanati, tumbo likiwa tupu.

"Tafuna sawasawa, mzee," alimwambia. "Usimeze kama mahindi."

Alitafuna, akakunja uso, akasema vina ladha ya chokaa. Baadaye alipewa dawa ya kuharisha, ili tegu atoke upesi kabla mayai hayajatapakaa tumboni. Alikatazwa kutapika, akakaza meno. Saa za mchana alikaa kwenye choo chake kipya, na alipotoka alikuwa mtu mwingine, mnyenyekevu kiasi.

"Nyama yote ile niliyokula," alimwambia mkewe, "kumbe nilikuwa nalisha yeye."

Jumamosi iliyofuata alifanya jambo ambalo Scholastique bado hulisimulia kwa macho ya unyevu. Wakati wenzake walipokuwa wakipitisha nyama ya kisu juu ya moto, Nestor alikitia kipande chake kwenye sufuria, akakifunika. Walipomzomea, yule mtu mkimya aliwaeleza yote kwa sauti kubwa, vipande vyeupe, migomba, kopo, kifafa, mpaka kidole cha uji. Walicheka sana. Lakini Okuonzi anasema wiki hiyo wachinjaji wawili walifika zahanati, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akiuliza kwa niaba ya rafiki.

Tegu hathibitishwi kuwa ameisha kwa siku moja. Kichwa chake kikibaki, huota upya. Ilibidi kungoja miezi mitatu, kisha kupeleka kopo tena. Miezi hiyo yote Nestor alimbeba Alice, alimwimbia, alimfukuzia kuku acheke, na saa ya uji ilipofika aliingiza mikono mfukoni na kuondoka.

Jumamosi hii, soko likielekea mwisho, Okuonzi mwenyewe anapita kununua nyama ya watoto wake. Scholastique anamwona kwa mbali, na kwa mara ya kwanza asubuhi yote anamwachia ulimi nguruwe ambaye hajamalizana naye.

"Kopo la juzi halina mayai, Mama," Okuonzi anamwambia. "Mzee amepona."

Scholastique anafunika uso kwa kile kitambaa cha kijani na kulia mbele ya soko zima, huku nguruwe akijiondokea zake na wanaume wawili wakimkimbiza.

Nyumbani, akisubiri uji uchemke, anazungumza juu ya mipango yake. Candiru ameanza kujifunza kushika ulimi. Kidole chake ni chepesi, anasema, kuzidi hata chake yeye. Anataka watakapokuwa wawili mmoja awe anakwenda Dranya kwa Lemi na wenzake, aushike ulimi huko huko kabla mnyama hajatembezwa njia yote hiyo. Na anataka, mwenye kuleta nguruwe sokoni, aulizwe kwanza choo chake kiko wapi, na cha baba mkwe kiko wapi.

"Watakasirika," anasema. "Wazoee."

Uji uko tayari. Rehemah, aliyesikia habari kabla ya kuambiwa, amepitisha juu ya ua kipande cha sabuni kutoka Koboko. Nestor ananawa mpaka viwiko, ananawa tena, anamtazama mkewe kama mtu anayeomba ruhusa kanisani. Scholastique anaitikia kwa kichwa.

Nestor anachovya kidole. Uji hauna moto. Alice, ambaye sasa anasimama kwa kushika vitu, anamshika babu yake goti, anamtazama kidogo kama anayepima jambo, kisha anakidaka kile kidole na kukiuma kwa meno yake yote mapya.

Nestor anapiga yowe. Meno hayo ameyaona yakiota, moja baada ya jingine, na leo ndiyo mara ya kwanza yanamgusa. Machozi yanamtoka, na hakiondoi kidole.

"Mwache aume," anasema Scholastique, akiketi kando yao. "Mwache aume mpaka ashibe."